Beleshi la Mzee Ishida

Wanangu, jana tulipokuwa tunapukuchua mahindi nyuma ya jiko, mmoja wenu aliniuliza kwa sauti ya chini, kama anayeuliza habari za ugonjwa, "Sista, hivi kule Japani mlibatiza wangapi?" Mwenzake akamkanyaga mguu. Mimi nikacheka, kwa sababu sista habatizi, na mapadre wetu wenyewe, kwa miaka yote niliyokaa, walibatiza watu ambao wangeenea kwenye mabenchi mawili na mahali pa kuweka mikoba pakabaki. Lakini niliona jibu hilo limewavunja moyo. Mmetoka Mbeya kuja huku Iringa kujiandaa kwa safari ileile niliyokwenda mimi, na mnataka kujua kama inafaa. Basi nimekaa kuandika. Nikisimulia kwa mdomo huwa naruka kama panzi. Kwa kalamu pengine nitaruka kidogo.

Mtaambiwa kwamba sisi wa Nyanda za Juu baridi haitusumbui. Hata mimi niliambiwa, nikaamini. Nimezaliwa Mufindi, nimekwenda shule pekupeku juu ya nyasi zilizoganda, nikajiona mtaalamu. Mji mdogo niliopelekwa uko upande wa magharibi wa Japani, umebanwa kati ya milima na bahari. Upepo ukivuka bahari ile unabeba maji, ukigonga milima unayamwaga yote pale, yakiwa theluji. Nilifika jioni, nikaoneshwa chumba, nikalala kama gogo. Asubuhi niliamka nikadhani nimekuwa kiziwi. Hakuna jogoo, hakuna gari, hakuna mlango unaofungwa. Nikapiga makofi nijisikie. Ndipo nikafungua dirisha.

Ua wa jirani haukuwepo. Gari la parokia lilikuwa kichuguu cheupe. Na ilikuwa bado inashuka, bila haraka, kama unga unaochekechwa na mama ambaye watoto wake wameshakula. Nilipiga magoti pale dirishani. Msinisifu, haikuwa utawa, ni miguu iliyokataa. Nilimwandikia mama yangu barua ya kurasa nne kuhusu theluji tu. Akajibu, kwa mkono wa katekista: "Kama ikiyeyuka inakuwa maji, basi Mungu amewapa hao watu maji bila kwenda kisimani. Washukuru." Niliposimulia kwa Kijapani baadaye, watu walicheka, lakini kuna kikongwe mmoja hakucheka. Alikaa akilifikiria.

Mkubwa wa nyumba yetu alikuwa Sista Ayako, Mjapani, mwanamke mfupi ambaye kichwa chake kilinifika begani. Alikuwa na macho ambayo yangeweza kupiga pasi. Jina langu la Skolastika lilimtesa. Lugha yao haina herufi l, na konsonanti hawazipendi zikae bila vokali, kwa hiyo nikawa Sukorasuchika. Jina likijaa mdomo mzima hivyo, mtu hakuiti ovyo. Aliniita alipokuwa na sababu.

Lugha ndiyo itakayowashusha kiburi. Mtapewa simu zinazotafsiri, nimeziona, lakini simu haitawasaidia mnapopewa mtoto mmpakate. Mimi nilipewa mmoja, mama yake kamshika mbele yangu kwa heshima, nikataka kusema ni mzuri, anavutia. Neno lake ni kawaii. Mimi nikasema kowai, nikatabasamu. Maana yake ni "anatisha". Yule mama akamtazama mtoto wake, akanitazama mimi, akainama, akasema, "Ndiyo, hasa akiwa na njaa." Sista Ayako alinirudishia kisa hicho kila Krismasi.

Kazi yangu ya kwanza ya utume ilikuwa kutoa taka. Kule taka zina ratiba kuliko treni: siku ya zinazoungua, siku ya chupa, siku ya makopo, siku ya karatasi zilizofungwa kamba vizuri kama zawadi. Wiki ya pili nilichanganya mifupa ya samaki na chupa, nikazipeleka penye kibanda cha mtaa siku isiyo yake. Saa sita mchana mfuko ulikuwa umerudi mlangoni kwetu. Chupa zilikuwa zimeoshwa. Mifupa ilikuwa imefungwa peke yake kwenye gazeti. Juu yake kulikuwa na karatasi yenye michoro ya penseli: vijisanduku saba vya siku za wiki, samaki mwenye macho ya huzuni katika kile cha Jumanne, chupa imesimama wima katika kile cha Ijumaa. Hapakuwa na neno hata moja. Aliyechora alijua kwamba sisomi.

Huyo alikuwa Mzee Ishida, jirani yetu wa mkono wa kulia. Alikuwa amefiwa na mke, binti yake Noriko anaishi mji mkubwa wa mbali, na yeye peke yake ndani ya nyumba ya mbao. Maisha yake yote alikuwa fundi wa ile milango yao ya kusukuma kando, fremu ya mbao na karatasi nyeupe. Nimewahi kusukuma mmoja aliotengeneza. Unauambia kwa kidole kimoja, nao unakwenda, husikii chochote. Nilisukuma, nikarudisha, nikasukuma tena. Nilikuwa nimevuka bara zima nikidhani nawapelekea watu jambo la kushangaza.

Sasa mambo ya kutembelea watu. Kwetu mtume anakwenda nyumba kwa nyumba, anapiga hodi, anakaribishwa, anapewa kigoda, uji unakuja wenyewe. Nami nilianza hivyo. Kule hodi yao ni gomen kudasai, yaani kama kusema uniwie radhi, na ukiisema mtu anakuja, anapiga magoti sakafuni pale mlangoni, anakusikiliza kwa adabu ya kukuliza machozi, na hukaribishwi ndani. Miezi mitatu sikuvuka kizingiti cha mtu. Siku moja nilimwambia Sista Ayako, "Hawa watu hawanitaki."

"Hawakujui," alisema. "Kesho chukua beleshi."

Kila asubuhi ya theluji, watu wa mtaa wanatoka saa kumi na mbili kusafisha mbele ya nyumba zao. Sista Ayako akanifundisha kama anavyofundishwa mtu ibada. Safisha mbele yako. Ukifika mpaka wa jirani usiishie hapo, ongeza hatua mbili kwake. "Mbili tu," alisema. "Usiposafisha hata moja, humjali. Ukimsafishia yote, umemtwisha mzigo wa kushukuru, na hatalala." Nikasafisha hatua mbili za Mzee Ishida. Kesho yake nikakuta yeye ameanza kabla yangu na kuingia kwetu hatua mbili. Akainamisha kichwa kidogo, nikainamisha. Wanangu, yale ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya majira yote ya baridi. Nilijifunza sauti ya beleshi lake. Kwaru, kwaru, pumzi, kwaru. Halikuwa na haraka wala halikukatika mpaka kazi iishe.

Theluji ilipoyeyuka alituletea machipukizi ya mianzi, yamefungwa kwenye gazeti, na mchoro wa sufuria. Wao wanayapika na kuyala. Nikaomba penseli yake. Nikachora mwanzi uliokatwa kichwa, chini yake chombo, maji yanadondoka, na pembeni mwanaume anayeyumba barabarani. Yaani kwetu Iringa mwanzi tunaunywa. Mzee aliitazama ile picha ya ulanzi, pombe yetu ya mwanzi, akacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia sauti. Alicheka kwa kushika ukuta.

Majira ya baridi ya pili, mwezi wa Februari, theluji ilianguka siku nne mfululizo. Siku ya tano mbingu zikawa bluu na jua likatoka. Watu wa mtaa walikuwa wameniambia jua la namna hiyo ndilo la kuogopwa, kwa sababu theluji iliyo juu ya paa inalegea na kuteleza kwa pamoja. Tulikuwa kwenye sala ya asubuhi, mimi na Sista Ayako, wawili tu katika kikanisa chetu kidogo kilichopakana na ukuta wa jirani. Nje nilisikia beleshi la Mzee Ishida. Kisha kishindo kizito, kama gunia la mahindi lililotupwa kutoka kwenye lori. Kishindo kile hakikuwa kigeni, wiki ile vilikuwa vinasikika kila mahali. Tukaendelea na Zaburi. Mstari mmoja. Wa pili.

Beleshi halikurudi.

Nilijiambia amekwenda kunywa chai. Nikasoma mstari wa tatu. Lakini mwaka mzima na zaidi sikuwahi kumsikia akiacha kazi katikati. Nikasimama. Katika nyumba ile hakuna mtu aliyewahi kusimama katikati ya Zaburi. Sista Ayako aliinua macho, na nikasema kwa Kijapani changu kibovu, "Beleshi limenyamaza." Nikatoka mbio na kandambili za ndani, zile ambazo ni dhambi kuzitoa nje.

Kando ya nyumba yake, chini ya paa, kulikuwa na kilima kilichonizidi kimo. Nyayo za mabuti yake zilikwenda mpaka pale. Hazikutoka. Jirani wa mbele, Mama Kudo, alikuwa ametoka na ufagio wake, nikamwonesha.

"Labda yuko ndani," alisema. "Tusimsumbue."

Nataka mnielewe hapa. Yule mama hakuwa mtu mbaya. Mimi mwenyewe nilisita. Kila nilichofundishwa tangu nifike kilikuwa kinaniambia usiingie uani kwa mtu, usipaze sauti, usimwaibishe mzee kama yuko zake anakunywa chai. Nilisema gomen kudasai mara mbili, kwa adabu, mbele ya kilima cha theluji. Kisha adabu ikaniisha. Niliingia, nikaita kwa sauti yote ya kifua changu, ile tunayoitia watu ng'ambo ya bonde.

Nilikuwa na baba mdogo, sasa ni marehemu, aliyechimba dhahabu Chunya kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo. Alikuwa akirudi nyumbani anatusimulia, nasi watoto tunatetemeka. Kifusi kikimfunika mtu, alisema, usirukie juu kuchimba, utamkandamiza. Mwite, halafu nyamaza usikilize. Ingia kwa ubavuni. Ukiona mkono usiuvute. Tafuta mdomo kwanza, mkono utasubiri. Sikujua kwamba nimeyaweka maneno yale mpaka nilipoyahitaji, upande wa pili wa dunia, kwenye kifusi cha maji.

Niliita, nikanyamaza. Sikusikia kitu. Theluji inakula sauti, ndiyo iliyonifanya nijidhani kiziwi asubuhi ile ya kwanza. Kwa Mama Kudo kulikuwa na mwanzi mrefu wa kuanikia nguo. Nikaunyooshea kidole, akaelewa, akaukimbilia. Nikaupenyeza taratibu kwenye kilima, upande wa ukutani, kwa sababu mtu akiona kitu kinamshukia huukimbilia ukuta. Mara ya kwanza ukagonga ardhi. Mara ya pili ardhi. Mara ya tatu ukagota kwenye kitu kilichobonyea.

Nilipogeuka kuomba msaada, mtaa mzima ulikuwa umeshafika nyuma yangu. Hakuna aliyewaita. Mwanaume mmoja alisimama mbali akikazia macho paa lililobaki na theluji, atuonye, na hakuna aliyempa kazi hiyo. Wengine wakajipanga mstari kuondoa tulichochimba. Sista Ayako alikuwa miongoni mwao, shela kichwani, mkongwe yule, anarusha theluji kama kijana. Hapakuwa na kelele wala amri. Nilisikia mabeleshi tu, na pumzi. Nimeona maandamano ya sikukuu nyingi maishani mwangu, sijaona watu wakienda pamoja namna ile.

Tulifikia kofia ya sufi, ya kijivu. Nikaacha beleshi, nikatumia vidole. Uso wake ulikuwa na rangi ya mshumaa. Alikuwa ameukunja mkono mbele ya mdomo, na nyuma ya mkono huo kulibaki nafasi ndogo kama kikombe, ndiyo iliyomweka hai. Nikamtoa theluji puani. Akavuta pumzi kwa sauti ya mlango wa zamani. Akafumbua macho, akaona uso wangu, kisha uso wa Sista Ayako, kisha wa watu wote, na neno lake la kwanza likawa, "Samahani kwa usumbufu."

Sista Ayako alikaa chini palepale kwenye theluji, akalia.

Mguu ulikuwa umevunjika, na mbavu. Alipelekwa hospitali. Asubuhi iliyofuata nilitoka na beleshi langu kama kawaida, nikakosa kazi. Kuanzia barabarani mpaka mlango wa kanisa palikuwa wazi, pamefagiliwa theluji na hata majani makavu. Hawakusafisha hatua mbili. Walisafisha pote. Sista Ayako alisimama mlangoni, mikono ndani ya mikono ya vazi lake. "Miaka thelathini niko hapa," alisema. "Hawajawahi."

Nilipokwenda kumwona mzee hospitali nilibeba daftari na penseli, maana ndivyo tulivyozoea kuongea. Hakulifungua. Alisema polepole ili nimfuate.

"Kule chini nilisikia mtu anaita."

"Ni mimi."

"Sikuelewa hata neno moja."

Ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimeita kwa Kihehe. Nikamwambia, ni lugha ya mama yangu, nilisahau zote nyingine.

"Sikuelewa neno," alirudia. "Nilielewa kwamba naitwa mimi. Nikaamua kupumua taratibu."

Nilirudi na basi huku nimefumba macho. Nilikuwa nimesoma miaka mingi jinsi ya kumtangaza Mungu, nina vyeti. Sikuwahi kufundishwa jambo kama lile, na mpaka leo nikiwa kwenye sala huwa nalirudia, silimalizi.

Mtauliza kama alibatizwa. Hapana. Kila asubuhi alimwekea mke wake wali mbele ya picha yake nyumbani, na aliendelea hivyo. Lakini aliturekebishia milango yote ya kanisa, na kwenye misa ya Krismasi alikaa benchi la mwisho, akainama mahali pasipotakiwa. Nilimfundisha salamu yetu ya Kihehe, kamwene. Alisema "kamuwene" kila asubuhi, akiwa na mkongojo mkono mmoja, beleshi mkono mwingine. Mama Kudo akaidaka. Kisha mtaa mzima. Ukipita pale ungedhani uko Kalenga kwetu Iringa, ila watu wamevaa mabuti ya theluji.

Tuliishi hivyo miaka kumi na mmoja. Alikufa wakati wa machipukizi, kitandani mwake. Noriko, binti yake, alikuja mlangoni kwetu akiwa na nguo nyeusi, akapiga magoti. Alisema baba yake ameacha maagizo kwamba mimi niwe na familia mpaka mwisho. Nilijua maana ya mwisho. Kule maiti huchomwa, na baada ya moto ndugu huokota mifupa kwa vijiti na kuitia kwenye chungu. Niliogopa. Kwetu mtu anazikwa mwili mzima, tunamrushia udongo kwa mikono yetu, basi. Nikiwa shule ya msingi tulipelekwa makumbusho ya Kalenga kuona fuvu la chifu wetu wa zamani nyuma ya kioo, na siku mbili sikula. Nikamwendea Sista Ayako, wakati huo haoni vizuri, nikamuuliza kama mtawa anaruhusiwa.

"Nenda," alisema. "Simama wanaposimama. Usihubiri."

Mifupa ilikuwa myeupe juu ya sinia refu, imelala kwa mpangilio wa mtu. Nilitegemea nitatetemeka. Nilichokiona ni jirani yangu, amekuwa mwepesi. Huanza na miguu, kisha hupanda juu, ili ndani ya chungu marehemu asisimame kichwa chini. Na kila mfupa huinuliwa na watu wawili kwa pamoja, kila mmoja na vijiti vyake. Duniani kwao hakuna wakati mwingine ambapo watu wawili hushika kitu kimoja kwa vijiti, ni pale tu. Ndugu waliinua, wakapisha, wakainua.

Mwishoni kulibaki mfupa mdogo wa shingoni. Wao husema una umbo la mtu aliyeketi anasali, nikauangalia, na kweli. Huo huachiwa mtu wa karibu kuliko wote. Noriko alichukua vijiti vyake. Kisha akageuka, akatafuta nyuma ya wajomba zake mpaka akaniona, akaninyooshea jozi nyingine.

"Baba alisema tuushike wawili," alisema.

Nikasogea. Nikashika upande wangu, yeye wake, tukauinua polepole, watu wote wakiwa wameinama. Ulikuwa mwepesi kama ganda la yai, na ulikuwa bado na joto.